Mapasa wa Titi Moja

Mutu anayesema mimi nilidanganya mituelle ya afya aje aniambie hapa usoni, asikae sokoni akinong'ona na wauza mafuta. Mimi ni Emilienne, sijifichi. Nilisema Laetitia na Emmanuella ni mapasa, wa tumbo moja na siku moja, na hata kesho, ukiniuliza tena na mutoto amekaa hapo ananitazama, nitasema vile vile. Lakini hamukuwa pale kwenye mulango wa chumba cha upasuaji. Mimi nilikuwa. Mpaka leo nikisikia magurudumu ya kitanda cha hospitali yanalia kwenye sakafu, ninatoka inje mpaka yapite.

Bon, nianze kwa Fifi. Fifi alikuwa mudogo wangu, baba mumoja mama mumoja, tumezaliwa hapa Kasongo. Akaolewa na mutu wa machimbo, akamufuata Salamabila kwenye dhahabu. Mimba yake na yangu zilifuatana. Mimi nilitangulia: walinipasua hapa hapa Kasongo, wakanilaza kwa dawa, nikaamuka ninadai bugali. Mume wangu Raphaël anawachekesha watu na hiyo habari mpaka leo. Ndivyo nilivyomupata Laetitia. Alipoanza kushika kichwa chake vizuri, habari ikaja kwamba Fifi naye ameshikwa na uchungu, mutoto amekaa vibaya tumboni, watamupasua. Nikafunga Laetitia mugongoni, nikapanda pikipiki, nikaenda. Barabara ilikuwa matope matupu, tulianguka sijui mara ngapi.

Nilimukuta angali anasema. Aliniona nimejaa tope mpaka kwenye nyusi, akacheka na uchungu wake wote ule. Akaniambia, "Yaya, umekuja kunisaidia ao umekuja kuoga?" Ndiyo neno la mwisho alilonipa. Wakamuingiza. Mulango wa kule ulikuwa pazia tu, na mimi nilisimama nalo puani. Wakamupiga sindano ya kulaza. Mudomo wake ukakaza, meno juu ya meno, mwili ukawa mugumu, halafu ukaja moto. Moto gani ule, Mungu wangu! Nilimugusa muguu nikarudisha mukono haraka. Walitoa mutoto muzima, analia. Fifi hakuamuka.

Watu wa kule walisema amelogwa. Wengine walisema ni mume wake amemuuza kwa ajili ya dhahabu. Mimi nilimuzika mudogo wangu nikanyamaza. Yule mume, mutu wa mashariki, aliniachia mutoto mikononi, akasema anarudi kwao na atatuma habari. Mpaka leo hatujaona habari wala yeye.

Nikarudi Kasongo na watoto wawili, mumoja mugongoni na mumoja kifuani. Titi hili la Laetitia, titi hili la Emmanuella. Kwetu mutoto akishanyonya kwako amekuwa wako, hakuna mutu atauliza tena alitoka tumbo gani. Kumuita yatima na angali ananyonya ni kumulaani, ni kuita kifo kirudi kuchukua kilichobaki. Baba yangu aliwashika wote wawili mapajani akasema, "Hawa ni mapasa," na maneno yakaisha hapo. Mutaa muzima ukaniita Mama Mapasa. Walileta zawadi mbili mbili, jinsi mapasa wanavyotakiwa. Watoto wakakua, wanagombana, wanalala kwenye mukeka mumoja. Emmanuella ndiye mwenye kelele. Hakujua kitu, na nani angethubutu kumuambia? Ningemung'oa meno.

Halafu mituelle ya afya ikafika kwetu. Kwa asiyejua: familia zinachanga kidogo kidogo, na siku mutu wenu akilala hospitali, mituelle ndiyo inalipa. Raphaël ana ugonjwa wa presha, dawa zake ni za kila siku, kwa hiyo tulikuwa watu wa kwanza kuita delege, mwandikishaji wao. Delege mwenyewe ni Mathilde, mwanamuke mupole, anaandika pole pole. Alikuja nyumbani na karatasi zake akakaa kwenye mukeka, na watoto wako pale pale wanachagua mawe kwenye muchele.

— Mama Mapasa, hawa wote wawili umewazaa mwenyewe?

Emmanuella akainua kichwa. Alikuwa na punje za muchele kwenye kiganja, akaziacha, akanitazama. Sasa wewe unayenong'ona sokoni, ungejibu nini?

— Ao unafikiri niliwaokota Lusangi barabarani? nikamuambia.

Mathilde akacheka, akaandika. Mapasa, tarehe moja ya kuzaliwa. Akauliza kama mama yao aliwahi kupasuliwa. Ndiyo. Kama dawa ya kulaza ilimuletea matatizo. Hapana, hata kidogo, nilidai bugali. Akaandika na hiyo. Mwisho akasoma kwa sauti: mutu atakayetoa habari zisizo za kweli ataondolewa, yeye na nyumba yake yote. Raphaël akakohoa. Nikamukanyaga muguu akaacha kukohoa, tukatia vidole kwenye wino.

Na mituelle ilifanya kazi, sitakataa. Laetitia alipopata ngiri, walimupasua hapa kwenye hospitali kwa karte ile, kadi tuliyopewa na mituelle. Mulazaji ni Dokta Clovis, kijana muchangamufu wa mizaha. Alimulaza kwa dawa ya kuvuta puani, Laetitia akaamuka anauliza kama kuna mandazi. Clovis akasema, "Kweli huyu ni wa mama yake." Sote tukacheka. Mimi pia nilicheka, wala sikufikiri kitu.

Halafu Emmanuella akashikwa na homa.

Mwanzo tulisema malaria, tukamupa dawa ya malaria. Homa ikakataa kutoka. Tumbo likaanza kumuuma, likavimba, na siku moja asubuhi nikaligusa nikalikuta gumu. Mutoto wa kelele zote zile alikuwa amelala kimya, anapumua juu juu, macho yameingia ndani. Raphaël alikuwa ameenda Nyangwe kununua samaki. Nikamuachia jirani yangu Louise yule Laetitia, nikamubeba Emmanuella mikononi kama mutoto wa juzi, nikapanda pikipiki ya kwanza iliyopita.

Dokta Amuri alimugusa tumbo mara moja tu.

— Ni tifoide. Matumbo yametoboka, uchafu unamwagika ndani. Tunafungua sasa hivi. Tukingoja, jioni hatunaye.

Alisema vile, wazi, mutoto anasikia. Emmanuella akashika kikwembe changu kwa vidole vyote. Nilitaka kulia nikakosa machozi. Mathilde yuko na meza yake pale pale hospitalini, karibu na mulango. Alipotuona alikuja mbio na karte na muhuri wake. Akanishika bega, "Jikaze, Mama Mapasa, mituelle iko." Nilimubariki moyoni. Pale kwenye kibaraza nilikuwa nimepita baba mumoja amekaa chini na muke wake anaugua, wanangoja ndugu walete garanti, pesa ao kitu cha kuweka rehani, ndipo waingie. Nilimushukuru Mungu kwamba sisi siyo wale.

Wakamupandisha kwenye kitanda cha magurudumu. Tukafika mulangoni kwa chumba cha upasuaji, na Clovis akatoka na faili mukononi, anasoma huku anatembea.

— Ah, ni wewe, Mama Mapasa! Usiogope. Wewe tulikulaza, ukaamuka muzuri. Pasa wake tulimulaza, akaamuka muzuri. Damu ni ile ile. Tutamupa kama tuliyomupa mwenzake, dawa ya kuvuta na sindano ya kulegeza mwili. Huyu hatatupa kazi.

Jamani. Mimi niliposikia neno "sindano," niliona meno ya Fifi.

Sikuwa nimeyafikiri siku nyingi. Nasema kweli, nilikuwa nimeyaweka mbali kabisa. Yalikuja yote pamoja: meno, ule ugumu, ule moto kwenye kiganja changu. Na Clovis pale anatabasamu kwa sababu ya bugali yangu na mandazi ya Laetitia. Bugali yangu inamuhusu nini mutoto wa Fifi?

— Dokta, nikasema, hiyo ya kuvuta acha. Na sindano acha.

— Kwa nini?

— Siitaki tu.

— Mama, tumufungue tumbo macho wazi?

— Niliota vibaya.

Clovis akacheka kidogo, pole pole, vile wanavyocheka na sisi wamama wenye hofu. Akasema ndoto haziandikwi kwenye faili. Mathilde alikuwa amesimama nyuma yangu na muhuri. Akaniuliza, "Mama, kuna kitu?"

Nikautazama ule muhuri. Nikisema, Mathilde anachukua karte, na bila karte tutakaa kwenye kibaraza na yule baba, na jioni mutoto hatunaye, Dokta Amuri amekwisha kusema. Nisiposema, wanamulaza. Na kama Fifi alilogwa kweli? Kama ile dawa haikuwa na kosa lolote, na mimi ninamunyima mutoto kisu kwa ajili ya bure? Mimi siyo dokta, mimi ni mulimaji wa mupunga, ningejuaje? Na Emmanuella yuko pale, ameshika kikwembe changu, masikio yake wazi.

— Dokta, njoo hapa pembeni kidogo.

— Nitakuja, mama, nioshe mikono kwanza.

Akaingia. Hakuja. Kutoka ndani Dokta Amuri alipiga kelele, "Mutoto yuko wapi? Munangoja nini?" Muuguzi akasukuma kitanda. Vidole vya Emmanuella vikavutwa kwenye kikwembe changu, kimoja kimoja.

— Mama, usiende.

— Siendi, niko hapa hapa.

Mulango ukafungwa.

Nikabaki nimesimama. Mathilde akaniambia nikae, akanivutia kiti. Nikakaa. Ndiyo, nilikaa! Mutoto ameingia kule na mimi nikakaa kwenye kiti, mikono mapajani, ninasikia vyuma vinagongana kwenye sahani. Nilijaribu kusali, na kila nikianza Baba Yetu ninaona pazia la Salamabila. Halafu nikasikia sauti ya Clovis, ya furaha, ile anayotumia kwa watoto.

— Emmanuella, nitakuwekea hii puani. Wewe na mimi tutahesabu pamoja, sawa?

Na sauti ndogo ikajibu, "Sawa."

Sikumbuki kuamuka kwenye kiti. Viatu viliachwa njiani. Nilisukuma ule mulango kwa bega, muuguzi akanishika nikamutupa kule, na niliona kifuniko cha mupira kiko mukononi mwa Clovis, karibu na uso wa mutoto, karibu kabisa.

— Clovis, ondoa hicho kitu! Mimi siye mama yake! Sikumuzaa mimi!

Kila mutu akasimama. Dokta Amuri alikuwa na mikono juu, inadondosha maji. Clovis akauliza pole pole:

— Mama yake ni nani?

— Mudogo wangu Fifi. Alimuzaa Salamabila, akafa. Walipomulaza tu. Walimupiga sindano, meno yakakaza, mwili mugumu, halafu moto, moto mbaya, ungesema anachemuka ndani.

— Moto ulikuja kabla ya kupasuliwa?

— Palepale! Sindano, meno, moto. Nilikuwepo. Nilimugusa.

— Na huyu Laetitia?

— Laetitia ni wangu. Siyo mapasa. Nimewanyonyesha pamoja, ndiyo hivyo tu, siyo mapasa.

Uso wa Clovis ulibadilika. Kile kifuniko alikishusha chini, akaiweka sindano kwenye sahani ya nyuma, na kwa muguu akasukuma mashine yake mbali na kitanda. Akamuambia Dokta Amuri kwa sauti ya chini, "Hizi zote mbili hapana. Hatari yake ni ya kurithi, toka mama mpaka mutoto. Ningemuua." Alisema chini, lakini mimi nilisikia.

Na Emmanuella alisikia. Alikuwa amegeuza kichwa, macho yake makubwa yale, hayaniachi. Hakulia. Afadhali angelia.

Mathilde alikuwa amenifuata mpaka mulangoni.

— Mama Emilienne, unasema nini? Karte inasema...

Aliniita Emilienne. Mbele ya hapo hakuwahi kuniita vile.

— Mathilde, toka, akasema Dokta Amuri. Na wewe mama, toka. Mambo ya karte mutaongea inje. Huyu akifa hapa, hiyo karte nitamuzika nayo? Clovis, uko na nini kingine?

— Niko na nyingine. Hiyo haina hatari kwa watu wa namna yake.

— Basi, fanya.

Wakanitoa wakinishika mikono.

Nilikaa chini, kwenye sakafu, mugongo ukutani. Mathilde akabaki amesimama juu yangu, na nilifikiri ataondoka, lakini hakuondoka. Muhuri aliutia kwenye mufuko wa koti.

— Nilikaa kwenye mukeka wako, akasema. Nilikuuliza.

— Uliniuliza mbele ya mutoto! Mathilde, wewe si mama? Ungeniita jikoni, peke yangu, ningekuambia yote. Unauliza mutoto ni wa nani na mutoto anakutazama? Nikujibu nini? Nikujibu mama yako alikufa, endelea kuchagua muchele?

— Ungenifuata mpaka barabarani ukaniambia. Ningeandika, na Clovis angesoma, na hii yote isingetokea. Mama, ulibakiza kidogo tu kumuua, kwa kumuheshimu.

Nilitaka kumutukana. Nina matusi ya kutosha, ya Kiswahili na ya Kibangubangu ya bibi yangu. Niliyaacha. Naye alikuwa ameogopa.

— Ninawaondoa, akasema. Wote. Wewe, Raphaël, Laetitia, na huyu. Kanuni ni ile niliyowasomea. Hata leo siwezi kulipa.

— Ondoa.

— Unanichukia?

— Ondoa, nimesema. Niache nisikilize.

Kwa maana nilikuwa ninasikiliza. Sikio langu lilikuwa kwenye mulango. Nilikuwa ninangoja makelele, mutu akimbie, mutu aite mutu, jinsi walivyoitana Salamabila. Muuguzi mumoja akatoka anakwenda haraka na mimi nikafikiri, basi, imekwisha. Alikuwa anafuata vitambaa tu. Akarudi. Mulango ukafungwa tena.

Raphaël akafika na harufu yake ya samaki wa Nyangwe, Louise ndiye aliyemutuma. Nilimuambia kwa maneno machache. Alikaa chini kando yangu. Halafu akauliza:

— Alisikia?

— Alisikia.

— Na dawa zangu?

— Zimekwenda na karte.

— Wacha ziende, akasema. Akaamuka, akaenda kwa mukubwa wa hospitali, akaacha pikipiki yetu kwenye uwa kama garanti. Ile pikipiki ndiyo maisha yetu, ndiyo inaleta samaki. Hakugeuka nyuma kuitazama.

Jua lilikuwa limeinama wakati Clovis alipotoka. Kofia yake ilikuwa imelowa jasho. Hakuwa na muzaha.

— Wamemushona. Matumbo yameoshwa. Bado analala. Sasa tunamuangalia moto wake, mama. Kama utapanda ghafula, ama mudomo ukikaza, uniite. Usiende kokote.

Ati nisiende! Wakamuweka kwenye sale, chumba cha wagonjwa, karibu na dirisha, maji ya serumu yanadondoka kuingia kwenye mushipa wake. Nilimugusa paji la uso. Moto. Lakini moto alikuwa nao toka asubuhi, toka wiki ile yote, ni tifoide! Huu ni moto gani sasa, wa tifoide ao ule wa Fifi? Nilimugusa shingo, nikamugusa muguu, nikajigusa mwenyewe nipime, mikono yangu ilikuwa baridi, kila kitu kilionekana moto. Nikatia kidole kati ya midomo yake, pole pole, nione kama meno yameachana. Yalikuwa yameachana. Nikangoja kidogo nikatia tena. Muuguzi akanigombeza:

— We mama, unamufanya nini mutoto?

— Ninaangalia meno.

— Acha mudomo wa mugonjwa! Vidole vyenyewe umenawa?

Nikanawa, nikarudi, nikatia tena alipogeuka. Raphaël alisimama kwenye mwisho wa kitanda, ameshika nyayo za mutoto kwa mikono miwili. Nilisema na Fifi moyoni. Nilimuambia, mudogo wangu, umeshachukua mutu mumoja, ni wewe mwenyewe, inatosha. Huyu niachie. Nilikasirika naye hata, nikamuambia, usinifanyie hivyo, nilikuzika vizuri.

Halafu nikatia kidole tena, na kidole kikaumwa.

Siyo sana. Alikuwa anameza. Akafungua macho, akayafunga, akayafungua. Nilimuita jina lake mara nyingi, sijui ngapi, Raphaël akakimbia kumuita Clovis. Clovis akaja, akamugusa, akafungua jicho kwa kidole, akapima moto, akatazama mudomo. Akavuta kiti akakaa, miguu mbele, akapumua.

— Amevuka, akasema. Mama, ametoka. Huyu amevuka.

Nikapiga magoti pale kwenye sakafu. Nililia mpaka wagonjwa wengine wakaanza kunipa pole, wakifikiri amekufa.

Emmanuella akanitazama. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kukwaruza.

— Mama mukubwa, niko na kiu.

Mama mukubwa. Ni neno sahihi. Mutoto wa mudogo wangu ataniita nini kingine? Mutaani kwetu kila mutoto anaita dada ya mama yake vile, hakuna ubaya. Na mimi nilihisi mutu ameniondolea kitu kwenye kifua akaenda nacho.

— Maji bado, mutoto wangu. Dokta hajakubali.

Nikalowesha kitambaa nikamugusisha midomo. Alikinyonya. Akauliza:

— Aliitwa Fifi?

— Aliitwa Fifi. Alikuwa wa kelele, kunishinda mimi.

— Alilala akakufa?

Raphaël alinitazama. Clovis alitazama serumu. Nilitafuta jibu la kumupoza, nikaliacha.

— Ni dawa, nikasema. Dawa ile haikumufaa. Wewe hatukukupa ile. Sasa imekwisha. Pumuzika, ulale kidogo.

— Hapana.

— Lala, Emmanuella, Dokta anasema ulale, mwili upone.

— Sitalala.

Alikuwa amechoka, mutoto maskini, kope zinamuangukia. Zikianguka anashituka, anazivuta juu, ananitafuta kwa macho kama niko. Alinishika kidole, kile alichokiuma. Mushono ulikuwa unamuuma, na alikuwa anajisukuma kwa makusudi uumie zaidi, usingizi usimupate. Clovis alimuelezea kwa maneno mazuri kabisa. Raphaël alimuahidi nguo mupya, ya rangi atakayochagua. Nikamuambia Laetitia anamungoja nyumbani, mukeka wake uko vile vile. Alitusikiliza wote, na alipokuwa anasikiliza kichwa kilianza kuinama, akakirudisha juu kwa nguvu.

— Mama mukubwa, akasema, nikifunga macho unipige.

Mimi niliyekaa pale ninamuomba Mungu amuamushe, nikaanza kumuomba alale. Nilimuimbia. Nilipanda kitandani, na muuguzi hakunigombeza, nikajinyosha kando yake na mukono wangu chini ya shingo yake, jinsi nilivyomulaza kwenye titi langu toka siku ya kwanza. Nikamuambia lala, niko hapa, siendi. Giza likaingia, wakawasha taa ya betri, na yeye alikuwa bado amefungua macho, anatazama dari.

— Nipige, mama mukubwa, akasema. Yanajifunga.